Trowell, daktari aliyeusaka ugonjwa usiokuwepo

DAKTARI Hugh Carey Trowell alikuwa kijana wa takriban miaka 25 alipowasili katika koloni la Kenya mwaka wa 1929. Alikuwa amefunzwa London jinsi ya kuyatambua magonjwa, lakini kilichomtatiza zaidi katika maisha yake yote ya kazi ni magonjwa ambayo hakuyakuta. Wodi zilijaa malaria, safura, minyoo, kifua kikuu na homa za kila aina. Shinikizo la damu, lile ambalo nchini kwao lilikuwa likiwaangusha wazee kwa kiharusi kila siku, halikuonekana miongoni mwa Waafrika.

Ilimchukua nusu karne kulijibu swali hilo, na sehemu kubwa ya jibu lake ilikuwa kitu ambacho leo hakikosi mezani kuanzia vibanda vya chipsi vya River Road hadi vichoma nyama vya Dagoretti na Kawangware. Kitu hicho ni chumvi.

Trowell alizaliwa mwaka wa 1904 na kusomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas's, London. Kabla ya safari ya Afrika alimwoa Margaret Sifton, msanii aliyekuwa na kipawa chake mwenyewe na ambaye jina lake lingekuja kuvuma Afrika Mashariki pengine kuliko la mumewe. Wote wawili walikuwa Wakristo wa dhati, na imani hiyo itajitokeza tena katika hadithi hii. Makazi yao ya awali yalikuwa miongoni mwa Wakamba wa Machakos, ambako bibi huyo alivutiwa mno na vinyago na ususi wa wenyeji ilhali mumewe akihangaika na wagonjwa.

Kama madaktari wote wa serikali, Trowell alipokea amri zake kutoka Nairobi. Mkurugenzi wa idara ya afya alikuwa Dkt John Gilks, mtu aliyevutiwa na mambo ya lishe. Kwa ushirikiano na John Boyd Orr, mwanasayansi wa Uskoti aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1949, Gilks alilinganisha miili ya Wamaasai na ya Wakikuyu. Ripoti yao ya mwaka wa 1931 ilidai kwamba mwanamume wa Kimaasai, mnywaji wa maziwa na mla nyama, alimpita mwenzake Mkikuyu, mla nafaka na viazi, kwa inchi tano za urefu na ratili 23 za uzani. Waliosoma ripoti hiyo walianza kuamini kwamba ukijua anachokula mtu utajua atakachougua. Wazo hilo lilimkolea Trowell.

Mwenzi wao mwingine katika idara hiyo hiyo alikuwa ameshatoa takwimu za kustaajabisha zaidi. Dkt C. P. Donnison, aliyehudumu upande wa Kisii karibu na Ziwa Victoria, aliripoti mwaka wa 1929 katika jarida la Lancet kwamba katika muda wa takriban miaka miwili alilaza wagonjwa 1,800 na hakumpata hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu. Alipima pia watu 1,000 wasiolazwa. Miongoni mwa Wazungu shinikizo hupanda kadiri umri unavyosonga. Kwa watu hao wa Kisii lilitulia, na baada ya miaka 40 likaelekea kushuka.

Takwimu za namna hii zinafaa kusomwa kwa hadhari. Wazee wengi hawakujua miaka yao, hospitali zilikuwa chache, na waliofika huko walikuwa wamedhoofishwa na maradhi mengine. Aidha, sayansi ya kikoloni ya siku hizo haikukosa doa. F. W. Vint, mwanapatholojia wa serikali aliyechunguza maiti za Waafrika jijini Nairobi na kuthibitisha kwamba magonjwa ya mishipa ya moyo yalikuwa nadra mno, ndiye yule yule aliyepima bongo za maiti na kudai kwamba ubongo wa Mwafrika ulikuwa duni. Dai hilo limekwisha kutupwa jalalani. Hata hivyo, juu ya shinikizo la damu, daktari baada ya daktari aliona jambo lilo hilo.

Chumvi ilikuwa imekwisha kufika bara, lakini kwa uchache. Lugha yenyewe ni shahidi. Wakikuyu wanaoishi Kabete, Dagoretti na Kikuyu huiita chumvi ya mezani cumbĩ, neno lililopanda na misafara ya Waswahili kutoka pwani; neno lao la asili, mũnyũ, lilibaki kwa udongo wa magadi unaolambwa na mifugo. Waluhya, ambao wengi wao leo ni wakazi wa Kangemi na Kawangware, walichuja majivu ya mimea ili kupata munyu wa kulainishia mboga. Munyu wa majivu huwa na potasiamu kwa wingi, na potasiamu haina madhara ya sodiamu; aghalabu huyapunguza. Kwa wengi, chumvi ya dukani ilikuwa kitu cha kununuliwa kwa kijiko, si kwa pakiti.

Mabadiliko yaliletwa na ajira. Mtu aliyeandikwa kazi mjini, shambani, relini au jeshini alipewa posho, na posho ilikuja na chumvi. Hakuna aliyedhani kuna ubaya. La hasha, wataalamu wa wakati huo walikuwa na wasiwasi kwamba Mwafrika alikosa madini mwilini.

Kabla ya kulirudia suala hilo, Trowell alikuwa na vita vingine vya kupigana. Kenya ndiko alikoanza kuwaona watoto waliotokwa na mimba ya uvimbe miguuni na usoni, nywele zikageuka rangi ya kutu, ngozi ikabambuka kama rangi ya ukuta mkongwe. Watoto hao walikuwa wakifa, na vitabu vyake havikuwa na jina la maradhi hayo. Mwaka wa 1935 alihamishiwa Uganda, katika Hospitali ya Mulago na chuo cha Makerere, na huko akawakuta watoto wa namna hiyo kwa wingi zaidi.

Mwaka wa 1937 alichapisha makala akidai kwamba watoto hao walikuwa na pelagra, ugonjwa wa ukosefu wa vitamini. Hapo alikosea. Daktari mwanamke, Cicely Williams, alikuwa amekwisha kuueleza ugonjwa huo huko Gold Coast, Ghana ya leo, na kuutambulisha kwa jina la wenyeji, kwashiorkor, ule ambao kwa Kiswahili huitwa unyafuzi. Lakini bingwa mkubwa wa London, H. S. Stannus, alimpinga Williams na kushikilia kuwa ni pelagra tu, na Trowell akaifuata kauli ya bingwa.

Kilichombadilisha ni vifo. Aliwapa watoto dawa ya pelagra, nao wakaendelea kufa. Alipochunguza maiti, akakuta maini yaliyojaa mafuta. Basi akakana aliyoyaandika, hadharani, na kwa miaka iliyofuata akawa mtetezi mkuu wa jina la kwashiorkor. Ni madaktari wachache wenye ujasiri wa kutangaza kwamba walikosea, tena katika jambo lililogharimu maisha ya watoto. Pamoja na Dkt Eria Muwazi, mmoja wa madaktari wa kwanza wa Uganda, alizunguka akichunguza utapiamlo miongoni mwa wenyeji, na mwaka wa 1947 wawili hao na J. N. P. Davies wakatoa utafiti juu ya makabila matatu. Kitabu chake Kwashiorkor, alichoandika na Davies na R. F. A. Dean, kilitoka mwaka wa 1954.

Nyumbani, Margaret hakuwa amekaa kitako. Mwaka wa 1937 alianza kufundisha sanaa katika baraza ya nyumba yao ya Mulago. Baraza hiyo ndiyo iliyozaa shule ya sanaa ya Makerere ambayo baadaye ilipewa jina lake. Wanafunzi wake ni pamoja na Gregory Maloba, aliyechonga mnara wa uhuru wa Uganda na baadaye akafundisha jijini Nairobi, na Elimo Njau, mwanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa lililofunguliwa Nairobi mwaka wa 1965.

Wakati huo huo, katika wodi za Mulago, ule ugonjwa usiokuwepo ulikuwa umeanza kubisha hodi. Katika miaka ya 1940 Trowell na wenzake walianza kuwapata Waafrika wenye shinikizo la damu, kwanza mmoja mmoja, kisha makundi. Mwaka wa 1956 yeye na mwenzake Singh waliandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki juu ya Mwafrika mmoja aliyeugua ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwamba mgonjwa mmoja tu alistahili makala nzima ni jambo la kutafakariwa na yeyote aliyewahi kupanga foleni katika kliniki ya moyo katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, hospitali iliyoanza mwaka wa 1901 ikiwa na vitanda 40 kwa ajili ya wenyeji wa Nairobi.

Alipokaribia kuondoka Afrika, Trowell alikusanya kumbukumbu zake zote katika kitabu kikubwa juu ya magonjwa yasiyoambukiza barani, kilichochapishwa mwaka wa 1960. Aliorodhesha magonjwa ambayo Mzungu aliyajua vyema na ambayo Mwafrika wa kijijini hakuyajua: kufura kwa kidole tumbo, mawe ya nyongo, kisukari cha watu wanene, kuziba kwa mishipa ya moyo. Kitabu hicho hakikuuzwa sana.

Halafu akafanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Alirejea Uingereza, akasomea ukasisi na kuwa kasisi wa parokia ya kijiji cha Stratford-sub-Castle, karibu na mji wa Salisbury. Kwa takriban miaka kumi alibatiza, alizika na kuwazuru wagonjwa. Ilionekana kana kwamba sayansi amekwisha kuitalaki.

Aliyemrudisha ni Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi naye Mulago. Mwaka wa 1957 Trowell ndiye aliyemwita Burkitt kumtazama mtoto mwenye uvimbe wa ajabu katika taya, na kutokana na mtoto huyo Burkitt akagundua aina ya saratani iliyompatia umaarufu duniani kote. Ukoo wa Burkitt haukuwa mgeni Nairobi. Ami yake, Dkt Roland Burkitt, alifika katika mji huo mwaka wa 1911 na akawa mmoja wa madaktari wake wanaokumbukwa zaidi, hasa kwa mtindo wake wa kuwamwagia maji baridi wagonjwa wa homa, tiba ambayo baadhi yao waliiogopa kuliko homa yenyewe.

Kufikia mwaka wa 1970 Burkitt alikuwa London, akijiuliza kwa nini saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra Afrika na kero Ulaya. Kitabu cha zamani cha Trowell kikawa hazina. Wawili hao, mmoja mpasuaji mwenye jicho moja tangu utotoni na mwingine kasisi mstaafu mwenye umri wa zaidi ya miaka 65, wakashika njia pamoja. Mwaka wa 1972 Trowell alitoa fasili ya nyuzinyuzi za chakula, kwamba ni mabaki ya kuta za seli za mimea ambayo vimeng'enya vya utumbo wa binadamu haviwezi kuyayeyusha. Vitabu vyao viwili, vya 1975 na 1981, ndivyo vilivyoeneza duniani wazo la magonjwa ya maisha ya kimagharibi.

Hoja yao juu ya saratani ilikuwa rahisi kueleweka. Chakula chenye nyuzinyuzi hupita haraka utumboni na kwa wingi, kwa hivyo kemikali za kusababisha saratani huzimuliwa na hazipati nafasi ya kukaa kwa muda mrefu zikigusana na ukuta wa utumbo. Utafiti wa baadaye haujaikubali kila sehemu ya hoja hiyo, lakini swali walilouliza, yaani ni nini hukaa baina ya sumu na mwili, limezaa matunda hata kwa kiungo ambacho hawakukishughulikia sana, ambacho ni tumbo lenyewe.

Huko chumvi inarudi tena. Ukuta wa tumbo hufunikwa kwa ute mzito unaouzuia usiliwe na asidi. Chumvi kali ikifululizwa mlo baada ya mlo, ute huo hulegea na kupungua, ukuta huchubuka na kuvimba, seli za juu hufa na zile changa zilizo chini hulazimika kugawanyika harakaharaka kuziba pengo. Hapo kemikali kama vile nitrosamini, ambazo huweza kutokea tumboni kutokana na nitriti iliyomo katika nyama za kusindikwa, hupata mwanya wa kuzifikia seli zilizokuwa zimefichika. Chumvi peke yake haihesabiwi kuwa kisababishi cha saratani. Ni kama mlinzi aliyelala langoni. Mwizi ni mwingine.

Wajapani, ambao samaki na mboga zao za kukaushwa kwa chumvi zilihusishwa na saratani nyingi za tumbo, walilijaribu jambo hilo kwa panya tangu miaka ya 1970. Panya waliopewa chumvi nyingi pamoja na kemikali ya saratani walipata uvimbe mwingi zaidi ya waliopewa kemikali tu. Nchini Ubelgiji, Jozef Joossens naye alikuwa akionyesha kwamba vifo vya kiharusi na vya saratani ya tumbo hupanda na kushuka pamoja katika mataifa mengi, akaishuku chumvi kuwa kiungo baina yao. Majokofu yalipochukua nafasi ya chumvi katika kuhifadhi chakula, saratani hiyo ilipungua katika nchi tajiri.

Mshirika wa chumvi katika uharibifu huo ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimtangaza rasmi kuwa kisababishi cha saratani mwaka wa 1994. Waafrika wengi wanaye tumboni tangu utotoni, lakini saratani ya tumbo iliripotiwa kuwa chache kuliko ilivyotarajiwa, jambo ambalo wataalamu tangu mwaka wa 1992 wameliita fumbo la Afrika. Wapo wanaosema chakula cha jadi kisicho na chumvi nyingi kiliwakinga watu. Wapo wanaosema wagonjwa hawakuhesabiwa, na utafiti wa 2001 kuhusu Kenya ya mashariki uliwaunga mkono kwa kuonyesha kwamba ugonjwa huo si nadra kama ilivyodhaniwa. Trowell angelitambua fumbo hilo mara moja, kwani ndilo alilolikuta mwaka wa 1929 katika vazi jingine.

Mwaka wa 1970 aliizuru tena Afrika Mashariki na kupigwa na butwaa. Miji ambayo aliiacha na watu wembamba ilikuwa na watu wanene kila upande, na kila mji mkubwa ulikuwa na kliniki ya kisukari. Aliketi kuiandika historia hiyo, na mwaka wa 1980, akiwa na umri wa miaka 76, akachapisha katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki makala iliyofuatilia jinsi Wakenya na Waganda walivyotoka katika shinikizo la kawaida la damu hadi shinikizo la juu kati ya 1928 na 1978. Chumvi ilikuwa miongoni mwa washukiwa wake wakuu.

Yaliyosalia ni kumbukumbu za daktari mmoja na wenzake, na kumbukumbu si kipimo. Kipimo kilifanywa Nairobi. Katika miaka ya 1980 kundi la watafiti wa Uingereza na Kenya, akiwemo Profesa Mutuma Mugambi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, liliwafuatilia Waluo kutoka kijijini kaskazini mwa Ziwa Victoria, ambako shinikizo la damu lilikuwa chini, hadi walipohamia Nairobi kutafuta riziki. Wahamiaji zaidi ya 300 walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Walipimwa damu, uzani na mkojo.

Hawakuhitaji kungoja miaka. Shinikizo la wahamiaji lilionekana kuwa juu katika miezi ya mwanzo tu ya maisha ya mjini. Mkojo wao ulionyesha sodiamu imezidi na potasiamu imepungua. Ugali ni ule ule na sukuma wiki ni ile ile, lakini mkono ulioitia chumvi ulikuwa wa mjini.

Ripoti kuu ya utafiti huo ilichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka wa 1990. Trowell alikuwa ameaga dunia mwaka uliotangulia, 1989, miaka minne baada ya mkewe. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza chumvi isiyofikia gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyokwisha kutiwa katika mkate, soseji na chipsi kabla ya mlaji kukinyosha mkono kukichukua kikopo cha chumvi.